Shajara ya mradi: njia ya wakimbiaji kutoka bondeni hadi kigongoni

Mradi ni mzunguko wa kilomita 11.4 kwa ajili ya mbio za milimani. Njia inaanzia bondeni, inapanda ubavu wenye msitu, inafuata kigongo kilicho wazi ambako mabonde ya pande zote mbili yanaonekana, kisha inateremka kupitia bonde dogo lenye unyevu na kurudi ilikoanzia. Jumla ya kupanda ni mita 620. Kwa kanuni ya ITRA, chama cha kimataifa cha mbio za aina hii, kila mita 100 za kupanda huhesabiwa kama kilomita moja ya ziada, kwa hiyo mzunguko una uzito wa kilomita 17.6 za juhudi. Daraja la chini kabisa la chama hicho linaishia 24, hivyo hizi zitakuwa mbio ndogo. Udongo, hata hivyo, unahitaji kinga ileile unayohitaji kwenye mbio kubwa.

Kinachofuatiliwa humu kuliko kingine chochote ni maji: yanaingia njiani wapi, yanatembea humo umbali gani, yanatokea wapi.

Mwezi wa 1: ukaguzi wa kijia cha zamani

Kijia kilichokuwapo kinapanda ubavu wa msitu moja kwa moja. Klinomita, kifaa cha kupimia mteremko, inaonyesha mteremko wa kati ya 28% na 35% karibu mwanzo hadi mwisho. Katikati kimeliwa hadi kina cha sentimita 40, mizizi imebaki wazi, na pembeni kuna vijia vingine viwili vilivyoanzishwa na watu waliokuwa wakikwepa mfereji.

Sababu ni ileile kila mahali. Nyayo hushindilia udongo hadi maji hayapenyi tena. Breki za wanaoshuka na visukumio vya wanaopanda huulegeza udongo wa juu. Kisha mvua inakuja na kubeba kilicholegea. Mambo mawili ya kwanza hayazuiliki palipo na wakimbiaji. La tatu linazuilika, maana maji hufuata njia pale tu njia inapokuwa mwelekeo rahisi kuliko kuteremka ubavu.

Hapo ndipo inapotoka kanuni ya nusu: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa ubavu inaopita. Ubavu wa 40% unaruhusu njia ya hadi 20%. Ukizidisha, maji yakiingia njiani hayatoki. Kanuni hii peke yake haitoshi, kwa kuwa ubavu wa 70% ungeruhusu njia ya 35%, na hakuna udongo wa msituni utakaostahimili hiyo. Kwa hiyo inaambatana na kikomo cha pili: wastani wa njia nzima usizidi 10%. Vipande vifupi vya 15% vinavumilika, na zaidi ya hapo ni juu ya mwamba au mawe yaliyopangwa tu.

Hesabu ya ubavu huu: kutoka bondeni hadi mwanzo wa kigongo ni mita 180 za kwenda juu. Kijia cha zamani, kwa 30%, kinazimaliza kwa mita 600 za mlalo. Kwa wastani wa 9%, njia mpya inahitaji mita 2,000. Urefu huo ndio bei ya njia isiyochimbika, na kwa mkimbiaji si hasara. Kwa 9% wengi wanaweza kupanda wakikimbia, ilhali kwa 30% karibu wote wanatembea mikono ikiwa magotini.

Tahadhari kwa wanaoanza kupima: klinomita nyingi zina mizani miwili, ya asilimia na ya digrii. 10% ni digrii 5.7 tu, na 100% ni digrii 45. Anayesoma mzani wa digrii akidhani ni wa asilimia atachora njia yenye ukali karibu mara mbili ya aliokusudia.

Mwezi wa 1, mwishoni: kuweka mstari

Kabla ya kigingi cha kwanza, ramani iliwekewa alama za aina mbili. Za kupitia: jabali lenye mandhari mwishoni mwa msitu, kivuko cha kijito chenye kingo za mwamba, na rafu mbili za asili ubavuni zinazofaa kona. Za kukwepa: chemchemi, mporomoko wa mawe yasiyotulia, shina zenye viota, na eneo tambarare la udongo wa mfinyanzi. Mstari ni kazi ya kuunganisha alama za kwanza bila kugusa za pili. Mandhari yaingizwe hatua hii hii. Jabali zuri likiachwa mita 30 pembeni mwa njia, watu watatoboa kijia chao cha kulifikia, na hicho hakitakuwa na mpango wowote wa maji.

Kupima kwa klinomita kunahitaji watu wawili. Kwanza wasimame mahali pa sawa, mpimaji atazame mzani ukiwa sifuri na aone mstari unagusa wapi mwilini mwa mwenzake: kidevu, paji la uso, kola ya shati. Hapo ndipo atakapolenga siku nzima. Anayelenga macho ya mwenzake aliyemzidi urefu kwa sentimita 15, kwa umbali wa mita 8, anaingiza kosa la karibu 2% katika kila kipimo, na kosa hilo halijifuti mbele ya safari.

Pale ambapo vichaka vinaziba macho, fremu A inafaa zaidi. Miti miwili imefungwa juu, miguu iko mita 2 mbali, boriti iko katikati, na uzi wenye jiwe unaning'inia kutoka juu. Isimamishe, weka alama uzi unapogusa boriti, geuza miguu kwenye nyayo zilezile, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ni usawa. Kwa mteremko wa 8%, weka kibao cha unene wa sentimita 16 chini ya mguu mmoja ukiwa mahali pa sawa, kisha weka alama ya tatu. Kuanzia hapo kibao hakihitajiki.

Vigingi viliwekwa kila mita 5 hadi 8 katikati ya njia. Lililoangaliwa zaidi ni migeuko ya mteremko. Njia inayopanda inashuka kidogo kwa mita 3 hadi 5, kisha inaendelea kupanda. Kila mgeuko ni mlango wa maji kutoka. Tumeiweka kila mita 10 hadi 15 kwenye udongo mlaini na kwa nafasi kubwa zaidi kwenye mawe, na kila palipo na mkondo wa asili njia inaingia ikishuka na kutoka ikipanda, ili mkondo ukifurika usigeukie njia. Migeuko ikichorwa kwenye mstari tangu mwanzo haigharimu chochote. Ikisahauliwa, baadaye inachimbwa kwa nguvu nyingi na haikai vizuri kamwe.

Mstari mzima umekimbiwa pande zote mbili kabla ya kuchimba. Mguu unatambua kona iliyobana kuliko jicho linavyoweza.

Mwezi wa 2 na wa 3: kufyeka na kuchimba, kipande cha msitu

Ushoroba umesafishwa kwa upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 2.4. Matawi yanakatwa kwenye shingo yake, karibu na shina bila kulijeruhi. Miche midogo inang'olewa na mizizi yake. Kisiki cha mche uliokatwa kwa panga kwa mshazari kinabaki kama mkuki, na anayeanguka akishuka ataangukia hapo.

Tabaka la majani na mboji linaondolewa lote hadi kwenye udongo halisi. Mboji hushika maji na haishindiliki, na njia iliyojengwa juu yake huwa tope mvua ya kwanza tu. Isitupwe hovyo, maana itahitajika kufunika udongo uliochimbwa na kufungia kijia cha zamani.

Kitako cha njia, yaani sehemu inayokanyagwa, kina upana wa sentimita 60 na kimechimbwa chote ndani ya ubavu. Hii inahitaji maelezo, kwa sababu njia ya mkato inajulikana: chimba nusu, na udongo uliotoka ujaze nusu ya nje. Kwenye ubavu wa 50% jazo hilo halina kitu cha kulishikilia. Ukingo wa nje unalegea, wakimbiaji wanaukimbia na kubanana ndani, na ndani kunachimbika. Aliyezoea matuta ya fanya juu atambue tofauti: kule udongo unatupwa juu ili kuzuia maji, huku unatupwa chini, mbali, na kutawanywa, kusibaki hata dalili ya tuta kwenye ukingo wa nje.

Kiasi cha udongo ni rahisi kukadiria. Ubavu wa 50%, kitako cha sentimita 60, ukuta wa nyuma wa digrii 45: kila mita moja ya njia inatoa takriban mita za ujazo 0.15 za udongo, yaani 15 kwa kila mita 100. Nusu kasoro ya udongo huo ni wa ukuta wa nyuma, na ndio wanaotamani kuuacha. Ukuta ukiachwa wima unaporomokea njiani ukiloa, unabana kitako, na njia inasogea nje mwaka hadi mwaka.

Kitako kinalalia nje kwa 5%, yaani sentimita 3 kwenye upana wa 60. Kuhakikisha: chukua pima maji ya sentimita 60, funga kibao cha sentimita 3 chini ya ncha ya nje, ilaze kukatiza njia. Povu likikaa katikati, mlalo ni sahihi. Tunapima kila hatua mbili. Jicho la mchimbaji aliyesimama ubavuni hudanganyika, na karibu kila mara huona njia inalala nje kuliko ilivyo.

Vifaa vilivyofanya kazi kubwa ni sururu, jembe, koleo, reki nzito ya chuma na mtaimbo wa mita 1.5. Pulaski, yenye shoka upande mmoja na jembe upande wa pili, ni nzuri kwenye mizizi, ila makali yake hufa haraka palipo na mawe. Mzizi unaokatiza njia na umekaa chini unaachwa. Unaofuata urefu wa njia unaondolewa, kwa kuwa mguu huteleza juu yake na maji huufuata kama mfereji.

Kuhusu mawe, msimamo wetu ni kuacha mengi. Jabali la kimo cha goti linaonekana na mkimbiaji analiruka au kulizunguka. Jino la jiwe linalochomoza sentimita 4 kwenye udongo laini ndilo linaloangusha watu, hasa mwishoni wanapochoka na kuburuta miguu. Kila jino limetikiswa kwa mtaimbo: linalong'oka limeondolewa na shimo kujazwa na kushindiliwa, lisilong'oka limechimbiwa kandokando hadi lionekane waziwazi.

Mwezi wa 3: mwendo wa kushuka

Upande wa kushuka una sheria zake. Nishati ya kukimbia huwa ndogo kabisa kwenye mteremko wa karibu 20%. Kuanzia hapo misuli ya paja inafanya kazi ya kufunga breki, na breki hizo ndizo zinazokwangua udongo. Mahali pabaya kuliko pote ni mteremko wa moja kwa moja unaoishia kwenye kona kali: kila mkimbiaji anafunga breki hatua zilezile tano, na hapo hutokea shimo.

Dawa ni kupunguza kasi kabla ya kona. Mgeuko wa mteremko mita 10 kabla, mawe mawili yanayobana upana hadi sentimita 50, kisha kona. Mkimbiaji aone mbele mita 20 palipo na kasi. Pasipoonekana, njia ipinde mapema ili asifike pale akiwa na kasi.

Mwezi wa 4: kona za zigizaga na kuta za mawe

Kona sita tu kwenye ubavu wote. Kila kona ni kazi kubwa, na zikipangwa moja juu ya nyingine maji ya kona ya juu yanaangukia ya chini. Zimetawanywa, kila moja palipo na rafu ya asili au ubavu usiozidi 30%.

Ujenzi wa kona moja: jukwaa la kipenyo cha mita 2.5, lenye mlalo wa 5%. Mkono wa juu, yaani njia inayofika konani kutoka juu, katika mita 4 za mwisho unalalia ndani, na mtaro mdogo unayapeleka maji nyuma ya jukwaa na kuyatoa nje. Mkono wa chini unalalia nje kama kawaida. Juu ya kona, mita chache kabla, kuna mgeuko wa mteremko unaoondoa maji ya njia kabla hayajafika. Bila huo, mtaro unaziba kwa mchanga baada ya mvua chache.

Watu hukata kona wanapoona mkono wa chini uko karibu. Kwa hiyo mikono isilegezwe inapokaribia kona. Iachwe na ukali wake wa 12% ili itengane upesi, na kati yake pawekwe mawe makubwa au vichaka hai. Kamba na vibao vya katazo havijawahi kumzuia mtu anayeshindana na saa.

Mkono wa chini wa kona nne umehitaji ukuta wa kuzuia udongo, wa mawe matupu bila saruji, kimo hadi mita 1. Msingi umechimbwa hadi udongo mgumu na kuinamishwa kuelekea mlimani. Mawe makubwa kabisa yako chini. Kila jiwe linalazwa urefu wake ukiingia ukutani, hata kama uso wake mpana ungependeza zaidi kwa nje. Jiwe moja likae juu ya mawili na mawili juu ya moja, kusiwe na ufa unaoshuka kozi (safu za mawe) mbili mfululizo. Uso wa ukuta unarudi nyuma sentimita 1 kwa kila sentimita 4 za kwenda juu. Jiwe refu la kufungia linawekwa takriban kila mita moja. Nyuma ya ukuta ni kokoto, kamwe si udongo, kwa kuwa udongo ulioloa huvimba na kusukuma. Kabla ya kuendelea na kozi nyingine, simama juu ya kila jiwe. Linalocheza linaondolewa na kulazwa upya. Vijiwe vya kabari vinavyopigwa usoni kutuliza jiwe hutoka vyenyewe baada ya misimu michache, kisha jiwe linafuata.

Mwezi wa 5: kigongo na bonde lenye unyevu

Kigongoni kishawishi ni kupita juu kabisa ya mgongo. Mgongo tambarare hauna pa kumwagia maji, na njia inayopita hapo huwa birika refu. Mstari umeshushwa mita chache ubavuni, ukihamia upande huu na ule kulingana na mandhari, na kupanda mgongoni pale tu palipo na mwamba. Mimea ya juu ni mifupi na hupona polepole sana, kwa hiyo njia imefuata mwamba kila ulipopatikana, na alama ni rangi juu ya jiwe. Marundo ya mawe yamewekwa mawili tu, penye ukungu wa mara kwa mara. Yakiwa mengi kila mpitaji huongeza lake, na mwishowe yanapoteza watu.

Radi imeamua jambo jingine: njia mbili za kutorokea, moja kila upande wa kigongo, zinazoshusha mtu hadi chini ya mgongo bila kusubiri mwisho wa mzunguko. Joto hupungua wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na mwenye jasho akisimama kwenye upepo wa kigongo hupoa haraka kuliko anavyodhani.

Bonde lenye unyevu halikufaa kwa daraja la mbao. Mbao zilizoloa na kuota ukungu huteleza, na mkimbiaji anazifikia akiwa na kasi. Badala yake limejengwa tuta: mistari miwili ya mawe ya ukingo, mtaro kila upande, kitambaa cha jiotekstaili chini, tabaka la kokoto lenye unene wa sentimita 20, na juu yake udongo wa changarawe ulioinuliwa katikati kwa sentimita 5. Bila kitambaa, kokoto huzama kwenye tope na kila mwaka hudai nyingine.

Mwezi wa 6: mvua za kwanza

Ukaguzi umefanywa mvua ikiwa inanyesha. Njia kavu haisemi kitu. Sehemu kubwa maji yanavuka kitako na kuendelea kuteremka ubavuni kama karatasi nyembamba, jinsi inavyotakiwa. Palipotuama pamechongwa mkato wa nusu duara: mita 3 kwa urefu wa njia, ukilalia nje kwa 15%, mdomo ukiwa mpana ili matope yatoke nayo. Mdomo mwembamba huziba. Hiyo ndiyo sababu hatukutumia magogo ya kukinga maji yanayokatiza njia: nyuma ya gogo hujaa mchanga, maji yanalipita juu, na mbele yake panachimbika.

Nyayo zitaendelea kukibonyeza kitako katikati, na tuta dogo litaota kwenye ukingo wa nje. Kulikwangua kwa reki kila baada ya msimu wa mvua, na kuurudisha mlalo wa 5%, ndiyo karibu matunzo yote yanayohitajika.

Urefu umepimwa kwa gurudumu. Saa za satelaiti hukata kona za zigizaga na kufupisha, na chini ya miti hutangatanga na kurefusha. Jumla ya kupanda imetokana na kipimo cha kanieneo ya hewa. Nguzo zenye namba ziko kila kilomita na kwenye kila njia ya kutorokea, ili anayepiga simu ya msaada ataje namba.

Kinachoendelea sasa: kufunga kijia cha zamani

Udongo ulioshindiliwa unavunjwa kwa sururu hadi sentimita 15 ili mbegu ziingie. Vizuizi vya mawe na magogo vinazikwa kukatiza mfereji, ncha zake zikiingia kwenye kingo zote mbili. Nafasi inapimwa hivi: kilele cha kizuizi cha chini kiwe sawa na kitako cha kile cha juu yake. Kwa mteremko wa 30% na kizuizi cha sentimita 30, hiyo ni kila mita moja. Mboji iliyotunzwa inamwagwa nyuma ya vizuizi pamoja na miche iliyong'olewa ushorobani. Miisho miwili ya kijia inafunikwa kwa matawi yaliyosimamishwa na vichaka vilivyopandwa, hadi pale jicho linapofika ukiwa umesimama kwenye njia mpya. Kipande cha juu kimekamilika. Cha chini kinasubiri udongo ukauke kidogo, kwa kuwa ukivunjwa ukiwa tope hugeuka mabonge magumu.